Mwani na matumbawe: Vita vya kimya vinavyoamua hatima ya miamba ya Pwani

MKULIMA wa chai katika eneo la Nyaramba, kaunti ya Nyamira, hahitaji kufundishwa tabia ya magugu. Shamba lililofunga, ambapo matawi ya michai yamekutana na kuziba mwanga, huwa halina magugu mengi. Lakini pindi michai inapokatwa na ardhi kubaki wazi, magugu huchipuka kwa kasi kuliko chai yenyewe, na asiyepalilia wakati huo hujuta baadaye.

Sheria iyo hiyo inatawala chini ya maji ya Bahari Hindi, mamia ya kilomita kutoka milima ya Nyamira. Huko, shamba ni mwamba, zao ni matumbawe, na gugu ni mwani. Palizi nayo hufanywa na samaki.

Vita hivi havina kelele wala moshi, na kwa miaka mingi vilipita bila kutambuliwa na wengi. Hata hivyo, ndivyo vinavyoamua iwapo mvuvi wa Vipingo, Diani au Shimoni atarudi na samaki, na iwapo mawimbi yatavunjikia mbali au kwenye kuta za nyumba za ufuoni.

Mnyama anayefanana na jiwe

Watu wengi hudhani kuwa matumbawe ni mawe, na wengine huyaita mimea. Ukweli ni kwamba tumbawe ni mnyama, au tuseme maelfu ya wanyama wadogo waishio pamoja. Kila mmoja wao, aitwaye polipi, ana mwili laini, mdomo mmoja na mikono midogo yenye sumu ya kunasia vijidudu vinavyopita majini.

Polipi hujijengea kikombe cha chokaa chini ya mwili wake. Vizazi vinapopishana, vikombe hivyo hurundikana na hatimaye kuwa mwamba. Nchini Kenya, mwamba uliojengwa kwa namna hii umeandamana na ufuo kwa takriban kilomita 200, kuanzia Malindi hadi Shimoni.

Ajabu ni kwamba mjenzi huyu hawezi kuishi bila mwani. Ndani ya ngozi ya polipi hukaa mwani mdogo mno usioonekana kwa macho, ambao hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake. Matumbawe mengi hupata hadi asilimia 90 ya mahitaji yao ya nguvu kutoka kwa mpangaji huyu, ambaye pia ndiye chanzo cha rangi zao.

Kwa hivyo, si kila mwani ni adui wa matumbawe. Upo unaoishi ndani ya matumbawe na kuyalisha. Upo mwani mgumu wa rangi ya waridi unaotanda juu ya mwamba kama rangi ya ukutani. Huu huganda mithili ya saruji, hushikanisha vipande vilivyovunjika, na mara nyingi ndio mahali ambapo watoto wa matumbawe hupendelea kutua na kuanza maisha.

Aidha, upo mwani unaokuzwa na wanavijiji, wengi wao wakiwa wanawake, katika maji mafupi ya Zanzibar tangu mwaka 1989, na baadaye katika sehemu kama Kibuyuni, kaunti ya Kwale. Kilimo hicho hufanywa kwa kamba na vigingi, na si mwani huo unaozungumziwa hapa.

Adui ni mwani wa mwituni wa aina mbili. Wa kwanza ni mfupi kama zulia, ambao huweza kufunika mwamba mtupu katika muda wa majuma machache. Wa pili ni mrefu, wenye majani mapana au matawi, ambao hujitokeza pale zulia hilo linapoachwa bila kuliwa.

Mbio zisizo sawa

Matumbawe hukua polepole. Yale ya umbo la jabali huongezeka kwa takriban sentimita moja kwa mwaka, ilhali yale yenye matawi huweza kufikia sentimita 10 au zaidi. Kwa mwani, majuma machache yanatosha. Laiti ushindi ungeamuliwa na kasi peke yake, pasingekuwa na mwamba hata mmoja duniani.

Matumbawe si wanyonge. Hutumia mikono yao yenye sumu na nyuzi za tumboni kuunguza chochote kinachosogea karibu. Tumbawe kubwa lenye afya huweza kuzuia mwani mpakani kwa miaka mingi.

Mwani nao una mbinu zake. Kwanza, huweka kivuli na kuyanyima matumbawe mwanga. Pili, majani yake husuguasugua polipi kila wimbi linapopita. Tatu, baadhi ya aina hubeba kemikali za mafuta zinazounguza tumbawe zinapoligusa. Nne, mwani huvujisha sukari majini, na sukari hiyo hulisha bakteria ambao huweza kumaliza hewa ya oksijeni kando ya tumbawe.

Mbinu iliyo hatari kuliko zote, hata hivyo, haimwui mkubwa, bali humzuia mtoto kuzaliwa. Viluwiluwi vya matumbawe huogelea kwa siku kadhaa vikitafuta mwamba safi wa kutua. Vikikuta zulia nene la mwani lililonasa mchanga na tope, vingi havitui, na vinavyotua hufunikwa kabla ya kushika mizizi. Mwamba wa namna hiyo huzeeka bila warithi.

Wapaliliaji wa baharini

Ni nani basi anayeyapa matumbawe nafasi ya kushinda mbio zisizo sawa? Jibu lipo sokoni kila siku, likiwa limekaangwa.

Pono, samaki wa rangi za kupendeza mwenye mdomo kama wa kasuku, hukwangua mwani pamoja na tabaka la juu la mwamba, kisha hutoa chokaa hiyo ikiwa mchanga mweupe. Sehemu ya mchanga unaowavutia watalii Pwani imepitia tumboni mwa pono. Kangaja hula mwani mfupi kabla haujarefuka, naye tafi hutafuna majani mengine.

Samaki hawa wakiwa wengi, mwani hubaki mfupi mno kiasi kwamba mtu anayetazama kwa haraka hudhani haupo. Unakua kila siku na kuliwa kila siku. Wakipungua, palizi husimama, na magugu hayangoji.

Hata samaki wadogo wana nafasi yao. Mwaka 2012, watafiti waliofanya kazi nchini Fiji walieleza kwamba baadhi ya matumbawe yenye matawi, yanapoguswa na mwani wa sumu, hutoa harufu ya kemikali inayowaita samaki wadogo wakaao humo, nao huja kuukata mwani huo.

Jeshi la miiba

Katika miamba ya Kenya, hadithi hii ina mhusika mwingine: kiumbe wa mviringo aliyejaa miiba, ambaye kila mtoto wa Pwani huonywa asimkanyage. Yeye pia hula mwani. Mtu angetarajia basi kwamba wakiongezeka, matumbawe yatanufaika.

Utafiti wa miaka mingi wa Dkt Tim McClanahan wa shirika la Wildlife Conservation Society na wenzake, ulioanza katika miaka ya 1980, ulionyesha kuwa mambo si mepesi hivyo. Kiumbe huyu wa miiba huliwa na samaki wachache wenye meno ya kuvunja gamba lake, hasa kikande. Wavuvi wanapowamaliza kikande, wenye miiba huzaana bila mpaka.

Tofauti iko katika namna ya kula. Pono huzunguka, hukwangua hapa na pale, kisha husonga mbele. Kiumbe wa miiba hukaa mahali pamoja na kuuguguna mwamba wenyewe, usiku hadi usiku, mpaka unakuwa na mashimo kama ubao ulioliwa na mchwa. Isitoshe, huwanyang'anya pono na kangaja malisho, kwa kuwa yeye huweza kuvumilia njaa ambayo samaki hawaiwezi.

Katika Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986 na ambamo uvuvi ulikomeshwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti walishuhudia samaki wakiongezeka na wenye miiba wakipungua. Katika maeneo jirani yaliyoendelea kuvuliwa kwa juya, hali ilibaki kinyume.

Lakini kurejea huko hakuharakishwi. Ulinganisho wa hifadhi za Kenya zenye umri tofauti ulionyesha kuwa huchukua takriban miaka 20 bila uvuvi kabla ya uzito wa samaki kufikia kilele chake, karibu kilo 1,200 kwa hekta. Uzito huo unaposhuka chini ya kilo 300 kwa hekta, mwamba huanza kupoteza aina za samaki, wenye miiba hutawala, na matumbawe hupungua.

Mwaka ambao bahari ilichemka

Jaribio kubwa lilikuja mwaka 1998. Mvua kubwa za El Nino zilizosomba barabara na madaraja nchini zilifuatana na joto lisilo la kawaida baharini. Kati ya mwezi Machi na Mei, matumbawe ya Pwani yalianza kugeuka meupe.

Hali hiyo huitwa kupauka. Maji yanapopita kiwango chake cha juu cha kawaida kwa takriban nyuzi moja ya Selsiasi kwa majuma kadhaa, uhusiano wa polipi na mpangaji wake huvunjika. Mwani wa ndani hutolewa, rangi hupotea, na tumbawe huanza kufa njaa. Joto likipungua mapema, huweza kupona. Likiendelea, hufa.

Katika sehemu nyingi za miamba ya Kenya, zaidi ya nusu ya matumbawe yalikufa mwaka huo. Duniani kote, takriban asilimia 16 ya miamba iliharibiwa vibaya. Mwaka 1999 ulizinduliwa mpango wa utafiti wa CORDIO, ambao baadaye uliweka makao yake ya Afrika Mashariki jijini Mombasa, ili kufuatilia hali ya miamba ya Bahari Hindi.

Hapa ndipo mfano wa chai iliyokatwa unapotimia. Kifo cha matumbawe kilifungua ardhi kubwa kwa ghafla, na mwani ukawa wa kwanza kufika.

Ni muhimu kutambua kwamba hifadhi hazikuyakinga matumbawe dhidi ya joto. Baadhi zilipoteza mengi kuliko maeneo yaliyovuliwa, kwa sababu ndizo zilizokuwa na matumbawe mengi ya matawi, ambayo hufa upesi. Mlinzi wa hifadhi anaweza kuzuia ngalawa. Hawezi kuzuia joto. Faida ya samaki wengi huonekana baadaye, pale mwamba mtupu unapohitaji kuwekwa safi hadi watoto wa matumbawe wapate pa kutua.

Joto lilirejea kwa nguvu mwaka 2016. Mwezi Aprili 2024, wataalamu walitangaza tukio la nne la kupauka kwa matumbawe duniani, lililoanza mwaka 2023, na mwaka huo wa 2024 miamba ya Kenya na Tanzania ilikuwa miongoni mwa iliyoathiriwa. Kufikia Aprili 2025, joto la kiwango cha kupausha lilikuwa limeifikia asilimia 84 ya eneo la miamba ya dunia.

Muda kati ya pigo moja na jingine unazidi kufupika. Kwa hivyo swali la nani ataushika mwamba baada ya kila pigo limekuwa zito kuliko zamani.

Funzo la Jamaika

Taifa ambalo kisa chake hutajwa zaidi katika mjadala huu ni Jamaika. Kwa vizazi vingi wavuvi wa kisiwa hicho walikuwa wamewapunguza sana samaki wa mwambani. Mwani haukuenea, kwa kuwa viumbe wa miiba mirefu walibaki wakiula. Ilionekana kana kwamba samaki hawakuhitajika.

Mwaka 1980 kimbunga Allen kiliyavunja matumbawe mengi. Kisha mwaka 1983 ugonjwa ulizuka katika Karibi na kuwaua karibu viumbe wote wa miiba mirefu. Mpaliliaji wa mwisho alikuwa ametoweka.

Kati ya mwaka 1977 na 1993, sehemu ya mwamba iliyofunikwa na matumbawe ilishuka kutoka takriban asilimia 52 hadi asilimia 3, huku mwani ukipanda kutoka asilimia 4 hadi 92. Takwimu hizo zilichapishwa mwaka 1994 na mwanasayansi Terry Hughes.

Funzo lake ni kwamba mwamba unaotegemea mpaliliaji mmoja uko ukingoni, hata kama kwa macho unaonekana mzima. Mwaka 2009, nchi jirani ya Belize ilipiga marufuku uvuvi wa pono na kangaja.

Udongo wa bara

Ipo sababu nyingine inayoupa mwani nguvu, nayo huanzia nchi kavu. Maji taka na mbolea hurutubisha bahari, na tope huziba mwanga. Wanasayansi wamebishana kwa muda mrefu iwapo kosa kubwa ni rutuba kuzidi au samaki kupungua. Wengi hukubali kuwa mambo haya mawili huenda pamoja: rutuba huchochea ukuaji, nao walaji huamua iwapo ukuaji huo utageuka msitu.

Mto Sabaki, ambao sehemu zake za juu huitwa Athi na Galana, hukusanya maji kutoka maeneo ya Nairobi na Machakos na kuyamwaga kaskazini mwa Malindi. Msimu wa mvua, bahari ya huko hugeuka rangi ya kahawia.

Mwaka 2007 ulichapishwa uchunguzi wa tumbawe moja la Malindi lenye umri wa takriban miaka 300. Kama mti unavyoweka duara kila mwaka, tumbawe nalo huweka tabaka, na ndani ya tabaka hizo hubaki alama za udongo ulioletwa na mto. Kwa miaka 200 alama hizo zilikuwa chache. Zilianza kupanda mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa ukoloni, na kuongezeka zaidi baada ya mwaka 1950. Historia ya kilimo cha bara imeandikwa ndani ya jiwe la baharini.

Maji ya Nyaramba hayaelekei huko. Mito ya Nyamira, ukiwemo Sondu, hutiririka magharibi hadi Ziwa Victoria. Ziwani hakuna matumbawe, lakini kanuni ni ile ile: udongo na mbolea kutoka mashambani vimechangia kuenea kwa mwani na gugumaji katika Ghuba ya Winam. Matuta yanayozuia udongo mlimani, basi, ni kazi ya uvuvi pia, kwa upande wowote ule mto unakoelekea.

Hatua zilizochukuliwa

Kenya ni miongoni mwa nchi za kwanza barani Afrika kutenga hifadhi za baharini, kwani zile za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968. Kisite, kusini mwa Pwani, ilifuata katika miaka ya 1970. Hifadhi hizi husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), nayo Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi (KMFRI), iliyoundwa mwaka 1979, hufuatilia hali ya miamba.

Mwaka 2001, serikali ilipiga marufuku matumizi ya juya. Wavu huu huburutwa juu ya mwamba na nyasi za baharini, huvunja matumbawe, na hubeba samaki wachanga pamoja na wakubwa. Utekelezaji haukuwa sawa kila mahali, kwani juya huajiri vijana wengi kwa pamoja, na anayemwambia kijana aliweke chini hana budi kumwonyesha atakachokula jioni.

Huo ndio ugumu wa suala zima. Pono, tafi na kangaja wanaohitajika mwambani ndio hao hao wanaohitajika chunguni. Hakuna mvuvi anayemaliza wapaliliaji kwa nia mbaya. Wakubwa wanapokwisha, hufuata wadogo. Wadogo wakipungua, matundu ya nyavu hufanywa madogo zaidi.

Palipopatikana mafanikio, mara nyingi wavuvi wenyewe ndio waliokata shauri. Huko Kuruwitu, karibu na Vipingo katika kaunti ya Kilifi, wazee na wavuvi walitenga takriban hekta 30 za bahari mwaka 2005 na kukubaliana kutovua humo. Samaki walirejea na kuanza kusambaa nje ya mipaka, ambako huvuliwa. Mwaka 2017 jamii hiyo ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Mfano huo umeigwa na vijiji vingine vya Pwani. Aidha, zipo sehemu, zikiwemo za kisiwa cha Wasini, ambako vipande vya matumbawe hupandwa kwenye vitalu kisha kuhamishiwa mwambani. Kazi hiyo ni njema, ila ina sharti lake: mche uliopandwa pasipo na mpaliliaji huishia kumezwa na magugu.

Kinachowekwa rehani

Miamba ya matumbawe huchukua chini ya asilimia moja ya sakafu ya bahari, lakini hutegemewa na takriban robo ya viumbe wote wa baharini wanaojulikana. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa miamba hupunguza nguvu ya mawimbi kwa wastani wa asilimia 97 kabla hayajafika ufuoni. Ukuta wa kufanya kazi hiyo kwa kilomita 200 hauwezi kujengwa na kaunti yoyote.

Mwani unapoushika mwamba, ukuta hauanguki siku hiyo. Huacha tu kujengwa, huku mawimbi na viumbe wa miiba vikiendelea kuumega. Samaki hupungua mwaka baada ya mwaka, na kila kizazi cha wavuvi hudhani kwamba bahari ilikuwa hivyo tangu zamani.

Joto la dunia haliwezi kupunguzwa na mvuvi wa Msambweni wala mkulima wa Nyaramba peke yake. Hilo linazidai zaidi nchi zinazochoma mafuta na makaa kwa wingi. Lakini idadi ya pono waachwao mwambani, ukubwa wa matundu ya wavu na kiasi cha udongo unaoingia mtoni ni mambo yaliyo katika uwezo wa watu wa hapa. Bahari ikipata joto tena, mwamba wenye wapaliliaji utakuwa na nafasi ya kuota upya. Usio nao utabaki kuwa shamba la mwani.